Sufuria ya Mama Fahad

Damaris aliigonga ile sufuria kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio kama mkunga anayesikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Ikaitika. Mlio wake ulikuwa mzito na mrefu, usio na mkwaruzo wa ufa. Akaigonga upande wa pili, ikaitika vilevile, na furaha ikampanda ghafla hata ikambidi aukunje uso haraka, kwa kuwa mwenye mali alikuwa akimtazama.

Siku hiyo ua wa Mama Fahad ulikuwa umegeuka soko. Bibi huyo, jirani wa waajiri wa Damaris hapo Riyadh, alikuwa akihamia Jidda kuishi na mwanawe, katika fleti ya ghorofani isiyo na ua wala jiko la nje. Basi tangu sala ya Ijumaa ilipokwisha, mazulia yalikuwa yametandazwa sakafuni, na juu ya mazulia vikapangwa vitu vya umri mzima: mabuli ya kahawa, vyetezo, mito ya kuegemea, taa na mapazia. Damaris, aliyekuwa mapumzikoni, alikwisha kuokota vizuri. Alipata shuka ambazo hazijawahi kutolewa mfukoni, na chupa za chai zisizo na hata mkwaruzo, vyote kwa bei ya kutupa.

Lakini hakujia shuka. Alijia sufuria.

Ilikaa kando ya ukuta, pana kiasi cha kummeza kondoo mzima pamoja na mchele wake. Kwao Bungoma, binti yake Joy alikuwa aolewe Desemba, na kijiji kizima kilitegemea sufuria kubwa za mama mmoja tu, Rosebellah, ambaye kwa sababu hiyo ndiye aliyeamua, bila kuchaguliwa na mtu, nani aoe lini. Juma hilo Joy alikuwa amempigia simu mama yake akilia. Sufuria zilikuwa zimeahidiwa kwingine, na Rosebellah alikuwa amesema harusi isogezwe hadi mwaka ujao.

"Isogezwe kwa ajili ya sufuria?" Damaris alikuwa amefoka. "Sufuria ndiyo inayoolewa?"

Mzigo wake wa kwenda nyumbani ulikuwa ukisafirishwa jioni hiyo hiyo, na meli itakayofuata isingewahi harusi. Ilikuwa leo, au Rosebellah ashinde.

"Mama, hii bei gani?" akauliza kwa Kiarabu chake cha jikoni.

"Riyal mia mbili," akajibu Mama Fahad kutoka kwenye kiti chake.

Katika maduka ya Al-Dirah, sufuria kama hiyo ingemgharimu mara tatu. Mtu mwingine angelipa na kushukuru. Ila Damaris alikuwa amelelewa katika soko la Chwele, ambako kukubali bei ya kwanza ni kumvunjia muuzaji heshima, na kuisifu mali kabla hujainunua ni ujinga usio na dawa. Akabetua midomo.

"Imezeeka," akasema. "Ona ilivyobonyea hapa. Na huku chini imeungua, nyeusi tititi. Hii ni kazi bure, mama. Nipe kwa mia."

Mama Fahad aliuvuta ushungi wake, akageukia mabuli yake.

"Basi, halas, yamekwisha." Damaris akakung'uta mikono, akabeba mafurushi yake, akageuka.

Alielekea langoni kwa mwendo anaoufahamu kila mwanamke wa Chwele: si wa haraka, asije akafika mbali, si wa polepole, asije akagundulika. Kisogo chake kizima kilikuwa sikio. Sasa ataniita, akawaza, akapita mazulia. Sasa. Akapita mabuli. Sasa hivi. Akafika langoni, akatoka barabarani, na nyuma yake pakawa kimya.

Nje, Titus alikuwa ameegemea pikapu ya bosi wake, akitafuna tende. Alikuwa dereva katika ghala moja la Al-Sulay, Mkenya mwenziwe, na alikuwa ameomba gari hilo kwa ajili ya sufuria.

"Iko wapi, Mama Joy?"

"Yaja. Nangoja kuitwa."

"Kuitwa na nani?"

"Na mwenyewe. Nimeikosoa kidogo."

Titus aliacha kutafuna. "Umekosoa sufuria ya shosho wa watu? Mama Joy, hapa si Chwele! Huyo si mchuuzi, huyo anavunja nyumba yake. Ukimwambia sufuria yake ni mbaya, anaamini ni mbaya."

"Nimemwambia imeungua."

"Woi! Si ungemalizia tu kwamba hata pilau yake ilikuwa haina chumvi?"

Damaris alitaka kucheka, lakini mnyororo ulilia uani. Akachungulia. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameingia kwa lango la pili, na tayari alikuwa akipitisha ndoana ya mizani kwenye kipini cha sufuria, ili aipime kwa kilo kama bati la kuezekea. Mama Fahad alikuwa ametazama kando.

"Chukua," alikuwa akimwambia. "Yule binti amesema ni kazi bure."

Damaris aliyaachia mafurushi yakaanguka, akakimbia. "Mafi! Mafi! Hapana! Ngoja!" Aliikumbatia sufuria kwa mikono yote miwili, na mikono haikukutana.

"Mama, nisamehe," akasema akihema. "Kwetu mtu akikitaka kitu sana, hukitukana kwanza. Ndiyo desturi ya soko letu. Sufuria hii ni nzuri. Ni nzuri kuliko zote nilizoziona tangu nije nchi hii."

Mama Fahad aliunyoosha mkongojo wake kuelekea kitako cha sufuria. "Na ule weusi?"

"Weusi ni heshima yake, mama. Sufuria inayong'aa chini haijalisha mtu."

Mabega ya bibi yalianza kutikisika. Kicheko kilichelewa kidogo, kisha kikatoka chote, hata mwenye mizani akacheka bila kujua anacheka nini.

"Na kwetu," akasema Mama Fahad akijifuta macho, "mtu akikisifu kitu, mwenyewe hulazimika kumwambia, 'Ni chako.' Basi usisifu tena, binti yangu. Utanifilisi."

Akamwashiria yule mwanamume aondoe ndoana yake.

"Utapikia nini?"

"Harusi ya binti yangu."

"Umealika watu wangapi?"

"Wanakijiji hawaalikwi, mama. Wanakuja."

"Hata hapa walikuja," akasema bibi polepole. "Kila Ramadhani. Mtaa mzima."

Damaris alilipa bei ya kwanza kwa mara ya kwanza maishani mwake, na wala mkono haukusita. Lakini alipoinama ili ainyanyue sufuria na Titus, Mama Fahad aligonga sakafu kwa mkongojo. Mjukuu wake akatokea stoo na mfuniko mkubwa kama gurudumu, na mwiko mrefu kama kasia.

"Hivyo havikuwa katika bei," akasema bibi. "Hivyo ni vya bibi harusi."

Kule Al-Sulay, Wesley, aliyekuwa akipokea mizigo ya Wakenya, aliizunguka sufuria akishika kiuno. "Ijazeni," akasema. "Nafasi tupu nayo hulipiwa." Wakaanza kukusanya shuka, chupa na viatu vya wapwa wake Damaris. Kabla hawajaweka hata kimoja, simu ya Damaris ikalia, na uso wa Joy ukajaa kwenye kioo.

"Mama, nionyeshe! Mbona naona ukingo tu? Ni kubwa kiasi gani?"

Damaris alifikiri kidogo. Kisha akampa Titus simu, akavua viatu, akaukunja upindo wa gauni, akaingia ndani ya sufuria na kuketi.

"Mama? Mama, umeenda wapi?" Kicheko cha Joy kilipasuka ghalani, na cha Damaris kikakijibu kutoka chini, kikazunguka kuta za alumini kikimrudia masikioni kama cha wanawake wengi.

"Yalla, Mama Joy, lori la bandarini limeshawashwa," akasema Titus, akamnyooshea mkono.

Jua la alasiri lilikuwa limeingia mlangoni na kugusa ukuta wa ndani wa sufuria, na hapo zikaonekana alama za kusuguliwa kwa miaka mingi, Ramadhani baada ya Ramadhani, duara ndani ya duara, nyembamba kama nywele. Damaris alipitisha kiganja juu yake, akifuata moja hadi ilipopotelea katika nyingine. Mkono wa Titus ulikuwa bado unaning'inia juu ya ukingo. Damaris alikuwa bado hajaushika.