Maji ya Alfajiri

Hosiyat alijikuta amelala chali katikati ya ua wa nyumba ya wageni, chai ya birika alilokuwa amebeba ikimchirizika shingoni, asijue amefikaje hapo. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kinavimba.

“Opa, usijitikise,” alisema Doniyor, msimamizi. Ijapokuwa ndiye mkubwa wa kazi, alimwita opa, dada mkubwa, jinsi mji wa Bukhara ulivyomlea.

“Sakafu ilikuwa na maji. Aliyeyamwaga ajitokeze!” alifoka Hosiyat.

Doniyor alitoa fomu ya ajali. Jumatatu alikuwa ametangaza kwamba atakayemwangusha mwenzake kwa uzembe atafukuzwa, na Hosiyat alipiga makofi kuliko wote.

“Ni Murod,” alisema. “Huyu huosha karoti zake hapa uani.”

“Mimi?” Murod, mpishi, alitoka jikoni, unga hadi kiwikoni. “Tangu niamke nabishana na unga, opa. Maji hata uso wangu haujayaona!”

“Jana uliosha.”

“Jana! Basi maji yangu yana subira kuliko mke wangu.”

Hosiyat alijaribu kukumbuka. Adhana, ndoo, ufagio. Lakini ilikuwa adhana ya leo, au ya mwaka jana? Kwa miaka thelathini alikuwa akiunyunyizia ua maji kabla ya kufagia, vumbi lisitue juu ya mikate ya wageni. Udongo uliyanywa papo hapo. Juzi tu mafundi walikuwa wameufunika kwa marumaru.

Chai shingoni ilikuwa ya moto. Mbona basi mkono wa kushoto wa gauni lake umelowa maji ya baridi?

“Niandike Murod?” aliuliza Doniyor.

Mpishi alimtazama Hosiyat.

Hosiyat aligeuza kichwa. Ndoo yake ilikuwa langoni, tupu na bado imelowa, ufagio umeegemezwa juu yake.

“Andika Hosiyat.”

“Opa, umegonga kichwa. Hujui unalosema.”

“Nilivyoanguka sijui, mdogo wangu. Aliyenyunyiza namjua. Andika.”

Doniyor aliandika polepole, kana kwamba kalamu ilikuwa nzito. Murod alipiga magoti akamwegemeza begani mwake. Hosiyat alipitisha kiganja cha mkono mzima juu ya marumaru, akakitazama: kilikuwa kisafi.

“Lakini vumbi,” alinong’ona, “vumbi lenyewe liko wapi?”