Sheria ya Kusimama

Uongo wa Hironimus haukumdhuru mtu. Ndivyo alivyojiambia miaka yote, na mtaa mzima wa Mfaranyaki ulikubali. Aliposema kwamba lori la ushirika lilimzimikia kwenye kona za Lukumburu, akamkuta simba amejilaza kando ya njia, akamwambia, "Njoo usukume, unadhani barabara hii ni ya kulala bure?" na simba akasukuma mpaka mteremko, nani angekwenda kumuuliza simba? Watu walicheka, wakamwongezea pombe ya komoni, siku ikapita.

Miaka ishirini na sita alikuwa dereva wa lori la tumbaku. Kisha yakaja mageuzi. Wanunuzi wenye mifuko yao wakaingia vijijini, ushirika ukakonda kama mbwa wa mjane, na madereva wakapewa barua za kustaafishwa. Barua walipewa, kiinua mgongo hawakupewa. Lakini mwanamume atayasema hayo kilabuni? Hironimus alisema cha kwake kililetwa ndani ya gunia la katani, wakalibeba wanaume wawili wakipokezana, na amelifukia mahali ambapo hata mkewe Lidwina hapajui.

"Siku nikilichimbua," alisema, "benki itafunga madirisha kwa aibu."

Ndipo hospitali nazo zikaanza kudai. Zamani ulikwenda na homa yako ukarudi na vidonge. Sasa ulikwenda na hela ya cheti, na daftari, na glovu za daktari, na ukitakiwa kushonwa, uzi uwe umeununua mwenyewe kama mteja wa fundi cherehani. Serikali ilisema wananchi wachangie. Ilisema pia asiye na uwezo kabisa asamehewe, ila aje na barua ya mtaa.

Kwa sababu ya barua hiyo Majaliwa, mwenyekiti wa mtaa, akaitisha mkutano Jumamosi moja katika darasa la shule ya msingi. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakikaribia kugusa videvu. Walilalamika mpaka sauti zikakauka. Mwisho Majaliwa akauliza, "Sasa huyo fukara wa kweli tutamjuaje? Maana nikianza kugawa barua, kufika keshokutwa mtaa mzima ni mafukara, na mimi ni wa kwanza."

Hironimus alisikia ulimi unamwasha. Akanyanyuka.

"Mwenyekiti, dawa ni rahisi. Anayetaka barua asimame hapo mbele ya ubao, aseme kwa kinywa chake, Mimi fulani ni fukara. Halafu sisi tumpime. Fukara wa uongo kitambi chake kitamsemea."

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Rafiki yake Beda alipiga dawati mpaka likalia. Majaliwa, huku akicheka, akaandika kwenye daftari la muhtasari. Maneno yakishaandikwa humo huwa sheria, hata kama yalizaliwa kwa mzaha.

Wa kwanza kusimama alikuwa Subira, mjane aliyetoka Tunduru, muuza vitumbua, jirani wa Hironimus ukuta kwa ukuta. Siku mbili kabla alikuwa ameteleza bombani, na mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kwa kanga shingoni.

"Asalaam aleikum jamani. Mimi Subira ni..."

Kicheko cha kwanza kilikuwa bado kinampasha joto Hironimus. Hakukitaka kipoe.

"Ngoja kwanza, mama. Wale kuku wanne wanaokula unga wangu uani ni wa nani? Wa katibu kata?"

Watu wakaangua tena. Subira alimtazama, si kwa hasira; alimtazama kama mtu anayesoma bei dukani na kuona haifikii. "Basi," akasema. Akarudi kuketi. Baadaye ikasikika kwamba amekwenda Mpitimbi kwa mganga wa mifupa, na mkono umeunga. Umeunga vipi, Hironimus hakuuliza.

Kifuku, majira ya mvua, kilipoanza, tumbo la Lidwina likaanza kukua. Lidwina alikuwa na miaka hamsini na saba. Alifunga kitenge juu zaidi, na mumewe alipouliza alijibu, "Gesi tu." Hironimus akaichukua gesi hiyo akaipeleka kilabuni.

"Jamani, yule Sara wa Biblia msimtafute mbali, yuko kwangu! Isaka yuko njiani. Atazaliwa na ndevu, na neno lake la kwanza atamwambia Beda: wewe mzee, deni lako utalipa lini?"

Siku hiyo hakununua pombe yake, alinunuliwa. Kufikia Jumapili kichekesho kilikuwa kimeshafika kanisani. Akina mama wa jumuiya, baada ya rozari, walimuuliza Lidwina, "Isaka hajambo?" Lidwina akatabasamu. Juma lililofuata hakwenda jumuiya, wala lile lililofuatia. Hironimus akadhani ni mvua.

Hata asubuhi moja, mwezi mmoja baada ya Idi, akamkuta amepiga magoti kando ya mafiga, ameshika tumbo, anatafuta namna ya kusimama na haipati. Redio ikauzwa siku hiyohiyo. Hela yake ilifika kwenye cheti na daktari wa kumtazama, ikaishia hapo. Daktari alisema ni uvimbe, upasuaji usivuke wiki mbili, akampa orodha ya vitu vya kununua, ndefu kama kamba ya kisima.

"Mama, umeanza kuusikia lini?"

"Tangu kiangazi, mwanangu."

Njiani kurudi walipumzika mara tatu. Mara ya tatu Hironimus akasema, "Mke wangu, mbona hukuniambia?"

Lidwina alikuwa akitazama barabara. "Ningekuambia nini, baba? Ulikuwa umeshawaambia watu ni mtoto."

Basi Jumamosi iliyofuata Hironimus alivaa shati lake la kanisani akaenda darasani. Madawati yaleyale, ubao uleule. Zamu yake ilipofika alitembea mpaka mbele, akageuka. Alikuwa amesimama mbele ya watu maisha yake yote, na leo ndiyo kwanza akaona jinsi walivyo wengi.

"Mimi Hironimus," akasema, "ni fukara."

Kisha Beda, kutoka nyuma: "Mlongo, ndugu yangu, chimbua gunia!"

Darasa likalipuka.

"Gunia halipo. Halikuwapo kamwe."

"Simba amelila!"

"Nasema kweli. Mke wangu anaumwa, ana uvimbe, anatakiwa apasuliwe..."

"Isaka amekaa vibaya!"

Majaliwa alikuwa akifuta machozi kwa kiganja. "Mzee wangu, hata kikao cha serikali? Hebu tuhurumie, mbavu zinauma."

Hironimus akaapa. Akaapa kwa Bikira Maria, na kadiri alivyoapa, sauti yake ilipanda na kushuka mahali palepale ilipopandia kwenye hadithi ya simba, maana hakuwa na sauti nyingine. Akatoa karatasi ya hospitali. "Soma!" wakapiga kelele. "Soma na sahihi ya simba!" Walikuwa hawana ubaya. Walikuwa wanampa alichowazoesha kumpa. Akafungua kinywa tena, hakikutoka kitu. Akaishusha karatasi, na asijue mikono huwekwa wapi mtu asipokuwa anasimulia.

Nyuma kabisa mkono ulinyanyuka. Ulifika usawa wa sikio, ukiwa umepinda kwenye kiwiko kama bomba la jiko, ukakataa kwenda zaidi.

"Nyanyua tukuone, nani huyo?" akasema Majaliwa.

"Nimenyanyua, mwenyekiti," akasema Subira. "Ndipo unapofika."

Kicheko kikaanza kuzimika, dawati kwa dawati, kuanzia nyuma.

"Huyu mzee leo hasemi hadithi. Wallahi hakuna gunia. Tangu mwezi wa mfungo naingia kwake kumfulia mama Lidwina, na nguo nilizofua si za mwanamke mwenye mimba. Alinisihi nisimwambie mumewe. Alisema, ataaibika bure, hana cha kunisaidia. Kuna siku mbili mle ndani hawakuwasha moto, nikawapelekea mayai." Kisha akaongeza, bila kumtazama mtu, "Ya wale kuku wanne."

Hironimus aliyakumbuka mayai. Lidwina alimwambia yametoka jumuiya, naye akala matatu, akasifu.

Beda alikuwa ameinamisha kichwa, anachimba dawati kwa ukucha kama mtoto aliyeshindwa hesabu. Majaliwa akaandika barua bila kuuliza neno, akagonga mhuri, akaitoa kwa mikono miwili. Hironimus naye akaipokea kwa mikono miwili.

"Mwenyekiti," akasema, na sauti ilikuwa ndogo hata wa mbele walinyoosha shingo, "andika na ya Subira. Na ile sheria yangu uifute."

Majaliwa akachukua kalamu, akamtazama Subira.

"Ya nini, mzee?" akasema Subira. Alisema kwa upole, na upole ndio uliomchoma. "Mkono umeshaunga." Akajifunga kanga yake kwa mkono wa kushoto, akavuta mlango kwa mkono wa kushoto, akatoka. Vitumbua vilikuwa vinamsubiri.

Sheria ilifutwa. Majaliwa aliipiga mstari pale pale, lakini muhtasari haurudishi kiwiko.

Nyumbani Lidwina alikuwa amejilaza mkekani, amegeukia mlango.

"Wamekupa?"

"Wamenipa. Jumatatu tunakwenda."

"Uliwaambia nini?"

Siku nyingine hapo ndipo angevuta kigoda. Angemweka Majaliwa analia, darasa zima limepiga magoti, mhuri umegonga wenyewe. Akakaa chini, sakafuni, karibu na miguu yake.

"Sikuweza kusema. Aliyesema ni Subira."

"Mkono wake umeuona?"

"Nimeuona."

Nje unga ulikuwa umeanikwa kwenye ungo. Kuku wanne walipita pengo la ukuta, mmoja nyuma ya mwingine, wakaanza kudonoa. Hironimus aliwaona. Fimbo ya kuwafukuzia ilikuwa pale pale karibu na mkono wake, imeegemea mlango. Hakuishika.