Sauti ya Nyakerario

Jumanne asubuhi Persis alipimiwa majani yake kwenye kituo cha kununulia chai karibu na Birongo, akanawa miguu, akavaa viatu vya kanisani, akaenda mjini Kisii kumsikiliza mama yake. Redio ilikuwa imetangaza kwamba kanda zilizorekodiwa Gusii miaka ya sabini zimerudishwa kutoka ng'ambo. Mwananchi yeyote mwenye kitambulisho angeweza kwenda kuzisikiliza.

Mama yake, Nyakerario, alikuwa mwimbaji wa harusi. Mwaka 1976 walikuja watafiti wawili kwa gari, wakaweka mashine juu ya kigoda, naye akawaimbia tangu asubuhi hadi ng'ombe waliporudi. Walipomaliza alifungua kinywa kuwaaga, ikatoka hewa tupu. Sauti ilikuwa imebaki kwenye kanda. Watafiti walimshukuru, wakasema itatunzwa vizuri, wakaondoka nayo. Persis alikuwa na miezi minane. Alilelewa kwa kugongewa sufuria: mara moja, njoo ule; mara mbili, mvua inakuja, anua mahindi. Hakuna aliyekwenda kulalamika, kwa kuwa hakuna aliyejua pa kwenda. Nyakerario alifariki mwaka 2009 bila kusema neno jingine.

Ofisi ya hifadhi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa la Abdirahim. Karani, mtu mpole aliyeitwa Osoro, alimpa Persis fomu, kisha hedifoni.

"Dakika kumi na tano, omong'ina," akasema, akimwita mama mtu mzima kwa heshima. " Wengine wanangoja."

Hakukuwa na mtu mwingine.

Wimbo ulianza. Katikati ya ubeti wa pili ukakatika, na mtu akakohoa.

"Nani anapumua hapo?" sauti ikauliza kwa Ekegusii.

"Ni Persis, Baba," akajibu, maana kwa Ekegusii neno "baba" ni mama.

"Persis. Kifua chako hakijapona?"

Wakaongea. Sauti iliuliza habari za ng'ombe mwekundu, ikaambiwa aliuzwa zamani. Ikauliza habari za Nyakerario mwenyewe. Persis akaeleza kwamba mwenyewe alifariki, akazikwa kando ya migomba.

"Basi mlinizika bila mimi," sauti ikasema. Ikaongeza, "Nitoe humu, mwanangu. Kunanuka siki."

Persis alivua hedifoni akamwambia Osoro kwamba anampeleka mama yake nyumbani. Osoro hakushangaa. Wiki iliyotangulia mzee mmoja kwenye kanda namba nane alikuwa ameomba blanketi. Alifungua faili akamwonyesha mkataba, na alama ya kidole gumba chini yake.

"Sauti ni ya wale walirekodi. Mama alikubali."

Persis akarudi kwenye hedifoni kuuliza.

"Waliniambia kidole hicho ni cha kuonyesha nimepokea soda," sauti ikajibu.

Kwa miezi mitano alikwenda kila Jumanne. Aliandika barua tatu kwa wakubwa wa hifadhi, akiomba apewe kanda ya mama yake. Sauti ilimwita kwa jina la utotoni ambalo hakujua kuwa alikuwa nalo, ikamgombeza kwa kuchelewa, ikacheka. Lakini kila wiki maneno yalipungua. Siku moja ililitafuta jina la mumewe na isilipate. Ndipo jibu likaja: kanda zimeanza kuoza, ndiyo hiyo harufu ya siki, zitanakiliwa kwenye kompyuta ili dunia nzima izisikie, na zenyewe zitachomwa.

"Hiyo nakala itakuwa mimi?" sauti ikauliza.

"Osoro anasema hakuna tofauti."

"Osoro ni mtoto wa nani?"

"Wa Machogu, wa Kebirigo."

"Msalimie," sauti ikasema, na dakika zikaisha.

Siku ya uzinduzi wa nakala hizo Persis alikalishwa mstari wa mbele, amebandikwa karatasi kifuani iliyoandikwa FAMILIA. Wimbo ulitoka kwenye spika ukiwa safi kama sahani iliyooshwa. Ulipofika ubeti wa pili haukukatika.

"Baba," Persis akaita. "Baba, ni Persis."

Wimbo uliendelea hadi mwisho. Watu wakapiga makofi. Nyuma ya jengo kanda zilikuwa zikichomwa ndani ya pipa, na Abdirahim alifunga madirisha ya duka lake kwa sababu ya kelele zilizotoka pipani.

Osoro mwenyewe alimwekea Persis wimbo kwenye simu. "Sasa unaskiza wakati wowote," akamwambia, naye alikuwa amefurahi kwa dhati. Kila ulipofunguliwa lilitangulia tangazo kwamba hairuhusiwi kuupiga wala kuuimba mbele ya watu bila idhini ya mwenye haki.

Mwezi wa tisa Persis aliandika kuomba idhini hiyo, kwa ajili ya harusi ya binti yake Bonareri. Walimjibu kwamba ombi linashughulikiwa. Bonareri aliolewa Disemba, na kwaya ikaimba nyimbo za kitabuni.