Mikono Safi ya Gesare

Mwalimu Otiende alikuwa na ugonjwa mmoja tu, kuuliza. Mtoto akikaribia kumaliza masomo pale shule ya kambi ya chai, atamwandama: "Ukitoka hapa, unaenda kuwa nani?" Ukijibu hujui, umekwisha! Jumamosi nzima atakutembeza kwa miguu, leo kwa maseremala, kesho kwa makarani, huku akikueleza ualimu unasomewa wapi. Gesare alizungushwa hivyo mpaka hospitali ya misheni, ng'ambo ya Kapkatet. Huko akamwona msichana mweusi kama yeye, amevaa nguo nyeupe, anamfunga mzee kidonda.

"Nataka hii, Mwalimu," akasema. "Hii hii."

Basi Mwalimu akarudi kule peke yake kumwombea nafasi. Sista, mzungu aliyefundisha wauguzi, angewaangalia wasichana mwisho wa mwezi, na alitaka mmoja tu. Gesare akikosa, ni kuendelea kuchuna chai mpaka aolewe, na tayari wazee walishaanza kumtajia baba yake ng'ombe.

"Huyo mama ni mtu wa usafi," Mwalimu akaonya. "Anakagua mpaka kucha."

Hapo ndipo matata yalipoanza. Utomvu wa chai huganda vidoleni ukawa mweusi, na sabuni utasugua mpaka uchoke. Dawa yake ni kukaa bila kuchuna mpaka ngozi ijisafishe. Sasa Gesare akikaa, kikapu chake kitajazwa na nani? Nyapara hakuwa na huruma. Kikapu kikipungua, familia inafukuzwa kambini.

Bosibori, mama yake, akaanza kulia. Jirani yao Akeyo, Mjaluo mwenye mdomo wake, akamkatiza. "Mama Gesare, futa machozi. Hicho kikapu ni chetu."

Kuanzia kesho yake, kila mwanamke aliyepita alitupia konzi ya majani katika kikapu cha Gesare, Wajaluo kwa Wakisii. Hata Mokeira alitupia, na yeye na Bosibori walikuwa hawasalimiani tangu wagombanie kuni! Gesare alikaa nyumbani, mikono imepakwa samli kama bibi harusi, na aibu ikimla.

Siku ikafika, wakaenda yeye na mama yake. Sista akamshika mikono, akaigeuza huku na huku, akakunja uso.

"Laini sana. Hii haijafanya kazi. Hapa tunabeba maji, tunafua mashuka, tunainua wagonjwa. Sitaki msichana wa kukaa. Mwingine aje!"

Lo! Jasho la kambi nzima limegeuka kumharibia! Msichana aliyelelewa vizuri habishani na mkubwa, na Gesare alilelewa vizuri. Lakini alipokumbuka zile konzi za majani, moyo ulimchemka. Akatoka mbio, akamvuta mama yake kutoka barazani mpaka mbele ya Sista. Bosibori alikuwa ameficha mikono ndani ya shuka. Gesare akaitoa.

"Tazama, Sista. Yangu pia ilikuwa hivi. Wamama walinichunia chai ili itakate, kwa sababu tulisikia unapenda usafi."

Sista akavishika vile vidole vyeusi vyenye nyufa, akavipapasa kimoja kimoja.

"Nani na nani walikuchunia?"

"Wote."

"Hata Mokeira," Bosibori akadakia, na machozi yakamtoka.

Sista hakumjua Mokeira, lakini aliwavutia viti wakakaa.

Jioni Gesare alipitia shambani kabla ya kwenda nyumbani. Njia nzima alikuwa amepanga maneno ya shukrani, mazuri kabisa. Alipowaona wale wamama wamesimama katikati ya chai, wamemkodolea macho, maneno yote yakamtoroka. Akamsogelea aliyekuwa karibu, akaanza kumchunia.

"Wee! Mikono!" Akeyo akapiga kelele.

"Wacha iwe nyeusi, mama," Gesare akasema, akilia bila kuacha kuchuna. "Nimechukuliwa."