Ukungu Kwenye Chupa ya Tangawizi

Majirani walimwita Mama Mizizi, kwa kuwa kabati lake la jikoni lilijaa chupa za mizizi na majani aliyoyaloweka kwenye pombe kali ya spiriti ili yawe dawa. Kila chupa ilitakiwa kutikiswa kila asubuhi kwa wiki sita. Safari hii kazi hiyo alimpa mumewe, pamoja na ufunguo wa kabati, maana mume alikuwa ameapa kuacha pombe, naye alitaka ajue kwamba anaaminiwa.

"Wifi, umemkabidhi fisi bucha!" dada wa mume alimcheka.

"Fisi wako huyo ameokoka," alijibu kwa majivuno.

Wiki sita zilipotimia, alifungua chupa ya tangawizi akakuta ukungu mweupe unaelea. Spiriti haioti ukungu. Maji ndiyo huota.

"Labda tangawizi haikukauka vizuri, mama watoto," mume alisema, macho sakafuni.

Hakubishana naye. Alimimina kijiko kimoja kwenye sahani, akawasha kiberiti. Spiriti ingeshika moto. Njiti ilifanya tss, ikazimika. Akajaribu chupa ya pili, ya tatu, mpaka ya saba. Zote zilizima moto.

"Na kila asubuhi nilikusikia ukizitikisa," alisema taratibu. "Nikawa najilaza pale kitandani, natabasamu peke yangu kama zuzu."

Mume aliuweka ufunguo mezani. Mke hakuugusa.

"Kaa nao tu, baba watoto. Humo kabatini hamna tena cha kufungia."