Alama Thelathini na Moja

Orpha aliisoma orodha mara ya nne, kana kwamba jina lake limetoka kidogo kunywa chai na litarudi. Halikurudi. Walioruhusiwa kufanya mtihani wa uchumi, Juni 2018, walitajwa wote, na yeye aliyekariri daftari zima hadi nukta hakuwamo.

Karani wa idara alimweleza bila kuinua macho. Mtihani ni nusu tu ya alama. Nusu nyingine hukusanywa muhula mzima, kwa majaribio, insha na vikundi vya mazoezi vya kila Alhamisi. Asiyefikisha arobaini kwa mia katika hiyo haingii. Orpha alikuwa na thelathini na moja. Vikundi hakuhudhuria hata kimoja, na insha hakuleta.

Insha alikuwa nayo. Ilikaa mkobani tangu Aprili, kwa sababu baba yake, Papa Ignace, alisema mambo hayo ni ya watoto wa sekondari. Kwao Lubumbashi, walikotoka, kila kitu huamuliwa kwenye mtihani wa mwisho, na ukianguka kuna wa pili. Ignace aliwahi kuwa assistant, mhadhiri msaidizi wa chuo kikuu huko, kabla ya kuja ugenini kulinda geti mtaa wa Observatory, na kanisani kwao mtaa wa Troyeville nani angembishia? Kila Alhamisi alimkalisha binti yake nyumbani, yeye mwenyewe amevaa sare tayari kwa zamu, akamsikiliza akikariri.

Karani akaongeza kwamba insha iliyochelewa hupokelewa hadi saa kumi leo, ikiambatana na barua ya sababu. Ilikuwa saa tisa na nusu.

Orpha alikaa kwenye ngazi. Aliandika kwamba aliugua, akaichana. Aliandika kwamba hakujua, akaichana pia. Kanuni waligawiwa siku ya kwanza. Alimkasirikia baba yake, na bado aliogopa kumwambia. Dakika zilikuwa zinakwenda. Akampigia.

Ignace alisikiliza yote. Kisha geti likasikika likifunguka, akamwamkia mtu kwa Kiingereza, geti likafungwa. Orpha alidhani amekata simu.

"Mama," alimwambia bintiye mwishowe, "andika kusema ni papa yako alikukosesha. Weka jina yangu yote. Na uandike nilikuwa assistant, juu wapate kukuamini."

Aliandika hivyo hivyo, machozi yakimtoka. Saa kumi kasoro dakika tano karani aliisoma barua, akaurudia mstari mmoja, akagonga muhuri. Insha ikipata nusu tu ya alama zake ishirini, ataingia.

Simu ikaita kabla hajafika nje. Alipomwambia wameipokea, Ignace alishusha pumzi.

"Sasa nielezee namna chuo ya huku inatembea," alisema. "Anzia mwanzo. Fanya kama mie sikusoma."