"Sijambo" ya Mkwe Wangu

Mjukuu wangu alizaliwa nyayo zote mbili zimegeukia ndani, zinatazamana kama majirani wawili wanaosengenya. Mengine yote alijaliwa: sauti, njaa na kiburi cha babu yake. Nikamwita Bosi, maana tangu afike, hakuna mtu nyumbani aliyepanga jambo likawa.

Kila wiki tulimpeleka kliniki ya miguu. Daktari alizinyoosha zile nyayo kidogo kidogo kwa vidole, kisha akazifunga plasta ngumu nyeupe mpaka mapajani. Wiki inayofuata anaifungua, ananyoosha tena, anafunga tena. Miguu ilikuwa inakubali, kila mtu aliiona. Aliyegoma kunyooka ni mama yake.

Mkwe wangu alikuja kwetu na mdomo wake, bwana. Tulitaniana jikoni mpaka mwanangu anakimbilia nje. Lakini tangu ajifungue, ukimuuliza hali anajibu, "Sijambo, mama," anageukia nepi. Nepi zilizokwisha kunjwa anazikunjua, anazikunja upya. Usiku halali, mchana hali. Wageni wanamsifu uvumilivu, mimi naogopa. Nimewaona wanawake wakizama hivihivi, kimya kimya, huku wanapigiwa makofi.

Sasa siku hiyo, kama kawaida, daktari alitaka mtoto anyonye wakati anafungwa, kwa sababu mtoto anayenyonya hapigi mateke. Mkwe wangu akampa titi. Bosi akavuta, akavuta, akaachia, akapiga ukelele. Titi la pili vilevile. Maziwa hayaji. Plasta iliyokwisha loweshwa ikaanza kumgandia daktari mikononi.

"Mama, hujambo wewe?" nesi akauliza.

"Sijambo."

"Muulize tena," nikasema.

"Bibi, si ameshajibu?"

"Yaliyojibu ni mazoea. Muulize mwenyewe."

Mkwe wangu akanikata jicho. Nikajua leo hata chai sitapewa. Potelea mbali! Nikamchukua Bosi, nikamtia kidole changu mdomoni, nilikuwa nimenawa, msinitazame hivyo. Nesi akavuta kiti, akakaa na mkwe wangu goti kwa goti, akamshika mkono, akamuuliza upya, polepole.

Mkwe wangu akaitazama miguu ya Bosi.

"Ni mimi," mkwe wangu akasema. "Mimi ndiye niliyempinda miguu."

"Ulimpindaje?"

"Kwenye harusi ya dada yangu. Nilikuwa na mimba yake. Nikavaa viatu virefu, kisigino kama msumari, nikacheza mpaka wanakusanya viti. Miguu ikaniuma, sikuvivua. Na yeye humo ndani..."

Kumbe! Miezi yote hiyo mwenzetu bado yuko kwenye ile harusi, peke yake.

Daktari akatupa ile plasta iliyoganda. Hakucheka. "Mama, nimefunga watoto wengi ambao mama zao hawajawahi kugusa kiatu kirefu. Ulichovaa hakikufanya hivi. Wala kucheza. Hujakosa kitu."

"Hata kama nilicheza sana?"

"Hata ungeruka kamba."

Hapo sikuweza kujizuia. "Mimi na mimba ya mumeo nilitumbukia mtaroni nikikimbizwa na bata bukini. Na mumeo kasoro yake ni kukoroma tu."

"Na uvivu," akasema mkwe wangu.

"Huo ni wa upande wa baba yake!"

Akacheka. Mwanamke akacheka, katikati ya kicheko akaanza kulia, analia kwa sauti, mabega yanaruka. Nikataka kumwambia anyamaze, nesi akanitikisia kichwa. Basi tukamwacha alie mpaka aishiwe. Nesi akamwambia kuwa akina mama wa kliniki hukutana kwenye chumba cha pili kuongea, na kwamba asipopata usingizi arudi, kwa ajili yake mwenyewe, si kwa ajili ya mtoto.

Blauzi ya mkwe wangu ilikuwa imelowa upande mmoja. Nilidhani ni machozi. Bosi akajua zaidi yangu, akaurukia ule upande kama aliyeitwa karamuni. Daktari akalowesha plasta mpya, akafunga haraka haraka kabla Bosi hajabadili mawazo.

Tulipofika nyumbani mkwe wangu akanikabidhi mtoto bila maelekezo yoyote, akaingia chumbani, akajitupa kitandani na nguo zake. Jioni mwanangu akarudi kazini.

"Mama, mke wangu yuko wapi?"

"Amelala."

"Anaumwa?" Macho yakamtoka.

"Amelala tu. Hujawahi kuona mtu aliyelala? Punguza sauti, kamenye vitunguu."

Akaenda kumenya. Nami nikabaki na Bosi mapajani, mzito kama tofali kwa zile plasta, tunasikiliza mlangoni jinsi mama yake anavyokoroma.